Kabla ya Kuipa Wodi Alama, Rudi Usiku

Muuguzi mmoja aliyekabidhiwa kukagua majengo ya hospitali yake ameniandikia akiuliza aanzie wapi. Anza na hewa, na uende mara mbili: mchana, halafu usiku. Wodi inayopepea vizuri saa nne asubuhi huwa imefungwa kila dirisha usiku wa baridi, na kifua kikuu au surua havingoji kukuche.

Beba tepu ya kupimia na kipima upepo. Zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo (mita kwa sekunde) na kwa eneo la uwazi ulio mdogo kati ya pande mbili zinazotazamana, kisha uzidishe kwa 3,600. Hizo ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Ukigawanya kwa ujazo wa chumba, unapata idadi ya mara hewa inavyobadilika. Pima uwazi wenyewe, usipime fremu: dirisha la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu unapunguza zaidi.

Chukua wodi ya mita 10 kwa 6, kimo mita 3, uwazi mita 1.5 za mraba, upepo 0.5. Hewa inabadilika karibu mara 10 kwa saa, na wengi wangeipitisha hapo hapo. Sasa hesabu vitanda. Wagonjwa 12 wanapata takriban lita 40 kwa sekunde kila mmoja, ilhali mwongozo wa WHO wa mwaka 2009 unataka 60 kwa wodi ya kawaida na 160 kwa chumba cha magonjwa yaenezwayo kwa hewa. Wakiwa 8, inafaulu. Kwa hiyo hesabu wagonjwa waliolala humo kweli, na walio sakafuni pia. Idadi iliyo kwenye ramani haikusaidii.

Chumba cha kutengea wagonjwa kijaribu kwa udi: funga mlango, shika udi chini yake upande wa ukumbi. Moshi uvutwe ndani. Ukisukumwa nje, chumba hicho kinawaambukiza walio ukumbini, na mara nyingi sababu ni feni ya kutolea hewa iliyozibwa na vumbi. Rudia mlango wa choo ukiwa wazi.

Maji: lita 40 hadi 60 kwa kila aliyelazwa kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20 wasiozidi. Waliotengwa wawe na choo chao, hasa kipindupindu kikiingia.

Sinki hupuuzwa, nami sielewi kwa nini. Bakteria sugu hukaa kwenye bomba la kutolea maji machafu, na maji ya mfereji yakianguka moja kwa moja juu ya tundu yanawarusha nje. Fungua mfereji hadi mwisho, tandaza karatasi kavu kulizunguka sinki, uone matone yanafika wapi. Yakifika meza ya kuandalia dawa, hamisha meza leo. Sinki litafuata bajeti ikipatikana.