Re: Popo mkubwa wa Pemba ni yule yule wa Kampala?

Salaam ndugu. Unauliza kama popo uliyempiga picha Chake Chake ni spishi moja na wale wanaojaa mitini Kampala, kwa kuwa wote huitwa popo wala matunda. Hapana, si spishi moja. Familia ndiyo moja, Pteropodidae. Jenasi, yaani kundi la spishi za karibu ndani ya familia, ni tofauti.

Angalia mkia kwanza. Wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, hana mkia kabisa. Wa Kampala, Eidolon helvum, anao, kijimkia kifupi tu. Rangi ifuate baadaye, maana jua la jioni hudanganya. Nilipokwenda Kidike, huko Pemba, niliwakuta hawa wa Pemba wananing'inia mchana, manyoya mekundu kama kutu, uso na mabawa meusi ti, na mabawa yakikunjuliwa hufika kama mita 1.6. Eidolon ni wa manjano-manjano na mdogo zaidi.

Popo wa jenasi ya Pteropus hawaishi Afrika bara. Wako visiwani: Pemba, Mafia, Komoro, Madagaska. Spishi hii yetu, voeltzkowi, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1909, hapatikani popote duniani ila Pemba. Tafadhali mwambie kijana wako asiwarushie mawe.

Kwa picha hiyo ya mgongoni siwezi kusema ni jike au dume.