Bayoinfomatiki kwa mwanafunzi wa PCM: anza na kirusi cha muhogo

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama mtu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati, bila Biolojia) anayekwenda kusoma sayansi ya kompyuta anaweza kuingia bayoinfomatiki, yaani kutumia kompyuta kuchambua data za kibiolojia. Anaweza, ila takwimu usiikimbie.

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. Weka mfumo wa Linux, jifunze lugha ya programu ya Python, kisha shusha kutoka NCBI, hifadhi ya mtandaoni ya data za jeni, jenomu (maandishi yote ya kijenetiki) ya kirusi cha michirizi kahawia, kile kinachoozesha mihogo huku kwetu Kusini. Ina herufi kama 9,000 tu, bando halitaisha. Ya binadamu ina takriban bilioni 3. Andika programu ikate kipande kinachotengeneza ganda la kirusi na kukitafsiri kuwa protini.

Hapo kuwa makini sana. Faili la GFF, linaloonyesha kila kipande cha jenomu kinaanzia na kuishia herufi ya ngapi, huhesabu herufi kuanzia 1, Python huanzia 0. Usipotoa 1 kwenye namba ya mwanzo, kodoni zote (herufi tatu tatu zinazosomwa pamoja) zinahama na protini inajaa katikati alama za kusimama, zile zinazopaswa kuonyesha mwisho wake. Kompyuta haitalalamika hata kidogo, ndiyo maana kosa hili ni baya.

Ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo, omba mapema kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, na uambatanishe kazi hiyo.