Jini mahaba, pangaboi na hina: kushuti filamu ya ndoto kwa pesa kidogo

Mtazamaji wa Pwani hahitaji kuelezwa jini mahaba ni nani. Binti anaota kila usiku yuko na mume asiyemfahamu, asubuhi anaamka mwili mzito, na kila mchumba anayekuja kwao anapotea bila sababu. Hadithi hii inamfaa sana mwenye mfuko mwepesi: chumba kimoja, kitanda, chandarua, waigizaji wawili na mama wa binti. Skripti ya kurasa 20 inatoa takriban dakika 20, na kwa kurasa 4 kwa siku unamaliza kushuti siku ya tano. Ukianza kuongeza harusi na mganga wa mapangoni, pesa yote itaishia kwenye nauli na sahani za wali.

Filamu nyingi za aina hii zinaharibika kwa sababu ndoto imevishwa sare. Moshi, rangi ya buluu, ukungu pembezoni mwa picha, mwangwi: mtazamaji anajua papo hapo kwamba binti anaota, hivyo ataamka, hivyo hakuna cha kuogopa. Acha ndoto ifanane na maisha ya kawaida kwa kila kitu isipokuwa jambo moja dogo, na jambo hilo asilitaje mtu yeyote ndani ya filamu.

La bure kuliko yote ni pangaboi, ile feni ya darini. Binti akiwa macho, linazunguka na linasikika. Akiwa ndotoni, linazunguka kimya. Rudia hivyo mara tatu au nne. Kisha, filamu ikielekea mwisho, mweke sebuleni mchana kweupe, anakula na mama yake, wanacheka, na juu yao pangaboi linazunguka bila sauti. Mtazamaji aliyeishika kanuni atasisimka mwili. Asiyeishika atahisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, na hilo nalo linatosha.

Kulirekodi kuna mtego wake. Likiwa linazunguka, maikrofoni inabeba upepo na mazungumzo yanapotea; ukilizima, chandarua na pazia vinatulia, na picha hazishikani tena. Kwa hiyo shuti kwanza picha pana, pangaboi likizunguka, bila maneno. Kisha lizime, uchukue picha za karibu zenye mazungumzo huku mtu akipepea chandarua kwa kipande cha boksi nje ya fremu. Sauti ya pangaboi irekodi peke yake kwa dakika 2. Rekodi pia dakika 1 ya chumba kitupu, kwa sababu ukimya wa ndotoni unahitaji hewa ya chumba. Ukiweka utupu wa kompyuta, mtazamaji atadhani simu yake imekata sauti. Na tafuta pangaboi bovu, lile linalogonga. Mvumo mzito haupiti vizuri kwenye spika ya simu, na wengi watakutazama kwa simu. Ile "tki, tki" inapita.

Taa ziwe zilezile katika ndoto na katika uhalisia. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo shuti fremu 25 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60, balbu za LED za bei poa zinaweza kuchora mistari inayotembea juu ya picha. Kwa mbalamwezi, weka mizani ya weupe ya kamera (inayoamua mwanga upi uonekane mweupe) kwenye kelvini 3200, simamisha taa ya kelvini 5600, itakayoonekana ya buluu, nje ya dirisha ipenye kwenye chandarua, na ndani bakiza balbu moja ya njano mezani. Usifunge taa juu ya pangaboi: mapanga yatakata mwanga na chumba kizima kitapepesa. Ngozi nyeusi usiimulike kwa mbele, uso unakuwa bapa. Taa ikae ubavuni, shuka jeupe upande wa pili lirudishe mwanga, na tone la mafuta ya nazi kwenye paji na mashavu lifanye kazi iliyobaki. Kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) badala ya kuongeza taa kunalifanya giza lichemke kama uji.

Sini za magharibi zina haraka yake. Dar es Salaam jua huzama kati ya takriban saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na ule mwanga wa buluu hudumu kama dakika 20. Fanyeni mazoezi saa 11. Muda ukifika mna sini moja, marudio mawili au matatu.

Sasa hina, ambayo ndiyo ushahidi wa mapenzi yenyewe. Ndotoni jini anampaka hina. Akiamka, kiganja cha kushoto kimeshika rangi. Hapa ratiba ndiyo huponza. Hina hukaa wiki 1 hadi 2, kwa hiyo sini zote za mkono mtupu zishutiwe kwanza, hata kama zipo mwisho wa skripti. Ikitoka kubanduliwa huwa ya rangi ya chungwa, kisha hukolea kuwa kahawia ndani ya siku 1 au 2; sini ya "ameamka leo" na ya "siku tatu baadaye" haziwezi kubadilishana siku. Piga picha ya kiganja ili ikifubaa ujazie kwa penseli ya nyusi. Piko iache. Mara nyingi huwa na dawa ya kutia nywele weusi, nayo huweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge.

Jinamizi halina kelele. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli. Fahamu zikirudi kabla ya misuli, mtu anakiona chumba chake lakini hawezi kujisogeza. Mwigizaji atembeze macho na pumzi tu. Kisha godoro libonyee ubavuni pake pasipo mtu: toa chaga mbili, shona mkanda chini ya godoro jembamba la sponji, mtu avute taratibu kutoka uvunguni. Sekunde 40 bila kukata.

Jini mwenyewe apendeze. Kanzu safi, sauti ya chini, anamsikiliza binti kuliko yule mchumba anayechezea simu. Lenzi nyekundu na meno ya plastiki vinaua mahaba mapema mno. Mtazamaji anatakiwa atamani binti alale tena.

Chetezo cha udi kiwashiwe nje, na chumba kifunguliwe kila baada ya sini, maana hewa ya mkaa huua bila harufu. Kisomo cha Kurani kisigeuzwe muziki wa kutisha. Taarabu ya zamani ina wenyewe, usiitie bila ruhusa yao. Mkodi mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwa saa moja. Kibali ni Bodi ya Filamu kwa Tanzania Bara, BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni) kwa Zanzibar, kabla ya kukodi kamera.

Ukimaliza kuhariri, waoneshe watu watatu kwa simu bila kuwaambia chochote. Wote wakiulizia pangaboi kwenye ndoto ya kwanza, umelionesha mno, punguza picha zake. Asiposhtuka hata mmoja kwenye sini ya sebuleni, usiguse ukimya wake: pandisha kidogo "tki, tki" ya sini iliyotangulia.