Tangi la samaki wa baharini linamwaga maji sakafuni: kosa liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina tangi la maji ya chumvi lenye urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50. Maji hushuka kupitia kisanduku cha meno (ukingo wake una mianya ya kupitishia maji) kilicho kwenye kona, yanapita kwenye bomba moja hadi tangi la chini (sampu), kisha pampu inayarudisha juu. Mdomo wa bomba la kurudishia uko sentimita 5 chini ya uso wa maji. Sampu ni 80 kwa 35, kimo 35. Maji yake husimama kwenye sentimita 30, ila chumba cha mwisho chenye pampu, upana wake 25, yanasimama kwenye 20. Mwezi uliopita umeme ulikatika, sampu ikafurika. Nikafunga valvu ya njia moja, tatizo likaisha. Juzi usiku umeme haukukatika hata kidogo, lakini asubuhi nilikuta tangi la juu ndilo limemwagika, na ndoo ya kijazio cha otomatiki (kinachofidia maji yanayovukiza), iliyokuwa na lita 15 za maji matamu, imekauka. Je, nifunge valvu ya pili? Au ninunue sampu kubwa zaidi?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Umefanya vizuri kutuma vipimo, maana bila vipimo ningebaki kubahatisha. Usinunue chochote kwanza. Umepata mafuriko mawili ya aina tofauti, na valvu uliyofunga haihusiki kabisa na hili la pili.

Tuanze na lile la umeme kukatika. Pampu ikisimama, bomba la kurudishia linageuka mrija wa kunyonya: maji ya juu yanarudi chini kupitia humo humo hadi mdomo wake upate hewa. Mdomo wako uko sentimita 5 chini. Kila sentimita moja ya tangi lako ni 120 mara 40, yaani lita 4.8, kwa hiyo sentimita 5 ni lita 24. Nafasi tupu iliyobaki kwenye sampu yako, nikihesabu vyumba vyote, ni lita 23 hivi. Hapo sijaongeza maji yaliyomo kwenye kisanduku na mabomba, ambayo nayo hushuka. Sampu hiyo ilikuwa lazima ifurike.

Valvu ya njia moja imekusaidia kwa sababu bado ni mpya. Kwenye maji ya bahari, kikofia chake huanza kuota mwani na magamba ya chokaa, wakati mwingine konokono mdogo hukwama pale pale, na siku hiyo hakifungi tena. Iache kama umeipenda, lakini fanya hesabu zako kana kwamba haipo. Tiba yenyewe ni kuinua mdomo wa bomba hadi sentimita moja na nusu tu chini ya uso wa maji. Yatakayorudi kwa njia hiyo yatakuwa lita 7 hivi, na sampu uliyonayo itayameza pamoja na ya kisanduku bila shida. Kwa hiyo sampu kubwa huihitaji.

Wengi hutoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ili liingize hewa mapema. Ni jambo jema na mimi hulitoboa, la milimita 5 au 6, lakini tundu hilo huzibwa na mwani haraka kuliko watu wanavyodhani. Mdomo ulioinuliwa hauzibiki. Tundu liwe msaidizi tu.

Sasa la juzi, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Umeme upo, pampu inasukuma, tangi la juu linamwagika: maji hayashuki. Bomba lako la kushushia limeziba, au limepungua uwezo. Fungua kisanduku uangalie. Mara nyingi utakuta konokono aliyepita kati ya meno, au jani la mwani lililokunjamana kwenye kichwa cha bomba. Kama huoni kitu juu, fungua yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) ya chini na upitishe brashi ndefu, kwa sababu ndani ya kona za bomba kuna viumbe wanaojenga vijumba vigumu vya chokaa na kupunguza kipenyo taratibu. Loweka vipande hivyo kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, sugua, suuza vizuri kabla ya kurudisha. Jitahidi pia kukumbuka kama mlio wa kisanduku ulibadilika siku za karibuni. Bomba linaloanza kuziba huanza kukoroma tofauti, na maji ndani ya kisanduku hupanda kidogo kabla ya balaa lenyewe.

Lakini kuziba peke yake kusingekumwagia maji, na hapa ndipo ile ndoo iliyokauka inaposema ukweli wote. Bomba likiziba, pampu inaweza kuchota maji ya chumba chake tu, kwa kuwa vyumba vingine vinazuiwa na kuta zao. Chumba chako kina sentimita 20 za maji, pampu itavuta hadi zibaki kama 5, hivyo ni lita 13 zinazopanda. Kule juu, kama kutoka uso wa maji hadi ukingoni kuna angalau sentimita 3 (pima leo), una nafasi ya lita 14 na ushee. Yangeenea, pampu ingeanza kunyonya hewa na kupiga kelele, ukaamka na sakafu kavu.

Kilichoharibu ni kijazio. Kilipoona maji ya chumba cha pampu yanashuka, kikadhani yamevukiza, kikaongeza maji matamu. Pampu ikayapandisha. Kikaongeza tena. Lita 15 zote zikapita hivyo, na zaidi ya lita 10 zikaishia sakafuni. Kijazio hakina namna ya kujua maji yamekwenda wapi. Kazi yake ni kuangalia kiwango pale kilipo.

Kwa hiyo funga swichi ya boya (inayoelea na kupanda na maji) kwenye tangi la juu, sentimita moja au mbili juu ya kiwango cha kawaida, iunganishwe ili ikipanda izime pampu ya kurudishia na kijazio kwa pamoja. Chagua pia kijazio kinachojizima chenyewe kikifanya kazi kwa muda mrefu kupita kawaida, na usiweke kwenye ndoo maji mengi kuliko tangi la juu linavyoweza kubeba hitilafu ikitokea.

Kisha bomba. Tangi linalotegemea bomba moja la kushushia halinipi amani hata likiwa safi. Angalia chini ya kisanduku chako: matangi mengi ya aina hiyo huwa na matundu mawili, moja la kushushia na moja la kurudishia. Kama lako ni hivyo, lifanye la kurudishia kuwa bomba la dharura, na bomba la kurudishia ulipitishe juu ya ukingo. La dharura lisimame juu kidogo kuliko la kawaida, lisiwe na valvu yoyote, na mwisho wake usizame kwenye sampu. Hivyo likianza kufanya kazi utalisikia, na hiyo ni kengele ya bure. Likishakuwapo ndipo unaruhusiwa kufunga geti valvu (ya kubania maji kidogo kidogo) kwenye bomba la kwanza ili lijae maji bila hewa na kelele ziishe. Usithubutu kubana bomba la kushushia ukiwa nalo moja tu.

Ukimaliza, jaribu kwa makusudi ukiwa umesimama hapo hapo. Zima pampu, subiri maji yote yashuke, chora mstari kwenye sampu mahali yalipoishia. Washa tena. Halafu ziba bomba la kawaida kwa kizibo na uone la dharura linavyobeba. Ziba yote mawili na uone kama boya linazima pampu kabla maji hayajafika ukingoni. Kila ukigeuza mdomo wa bomba au kubadilisha pampu, rudia.

Jambo la umeme nalisema kwa mkazo. Maji ya chumvi na soketi iliyo chini ya tangi ni hatari kwa maisha yako. Hamishia soketi ukutani, juu, na kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondoke kwenye pindo. Saketi iwe na kikata umeme kinachojizima umeme ukivuja, cha miliampea 30. Na ukikuta sakafu imeloa, zima swichi kuu kabla ya kukanyaga.

Samaki na matumbawe yako sasa. Yaliyomwagika yalibeba chumvi, na mahali pake pameingia maji matamu. Kabla ya kuwasha kijazio, pima chumvi. Kama kawaida yako ni 35 kwa elfu (gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji), huenda utakuta 33 au zaidi kidogo. Pengo la maji likiwapo, lijaze kwa maji yaliyochanganywa chumvi na kuachwa yazunguke hadi yawe maangavu, yenye joto lile lile la tangi. Kiwango cha chumvi kipandishwe kidogo kidogo kwa siku mbili tatu, na usimwage chumvi kavu ndani ya tangi lenye viumbe. Kijazio kiwashwe mwisho, kipimo kikishatulia.