Nilipanda miche 120 ikafa yote, kilichoniokoa ni visiki

Juzi msomaji mmoja kanitumia meseji usiku wa manane: "Kaka nimepanda miche 60 imebaki 4, mimi basi, miti sio ya kila mtu." Nikacheka, halafu roho ikaniuma, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka ile, ila yeye kabakiwa na minne mimi sikubakiwa na hata mmoja. Kwa hiyo ya leo ni yako ndugu yangu, pamoja na nyie wengine wenye ndoto ya kuwa na kamsitu kenu, najua mpo wengi.

Mimi nilianza kwa mbwembwe. Nilikuwa nimejaa habari za Wangari Maathai, jinsi alivyoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kina mama wa vijijini, miche ikapandwa kwa mamilioni, mpaka 2004 akapewa Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Nikajiona na mimi ndo huyohuyo. Nikanunua miche 120, nikaita marafiki wikiendi moja, tukachimba, tukapanda, tukapiga picha tumeegemea majembe, mmoja akaniweka stetasi kaandika "mzee wa misitu". Saa nane mchana tulikuwa tumemaliza tumeshaondoka zetu.

Sasa kuna kipande cha hadithi ya Wangari nilikiruka. Wale kina mama walikuwa wanapewa kijihela kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, sio uliopandwa! Mwenzangu alishajua tatizo liko wapi tangu siku hizo, mimi nilikuwa nahesabu mashimo.

Niliporudi baada ya wiki saba hivi nikakuta vijiti. Nikaung'oa mmoja, ukatoka wote bila ubishi, na chini yake kiriba kipo vilevile, plastiki nyeusi imeshikilia kidonge cha udongo mkavu, mizizi imejizungusha humo ndani imebanana kama uzi kwenye kibiringo haina pa kwenda. Nikang'oa wa pili, kiriba. Wa tatu, kiriba. Rafiki zangu walikuwa wamepanda na plastiki zake na mimi nilikuwa busy na picha sikukagua. Iliyopandwa vizuri nayo mbuzi walishapita, na iliyosalimika kwa mbuzi ikamalizwa na jua kwa sababu tulipanda mvua zikiwa zinaishia. Kuna jamaa mmoja mpaka leo nikikutana naye ananiuliza "mzee wa misitu, msitu hujambo?" Nacheka naye lakini siipendi, niseme ukweli.

Mwaka uliofuata sina cha kuhadithia, nilisusa.

Kilichonirudisha ni panga. Nilikwenda kusafisha lile eneo, kuna vichaka vichaka vya miiba ambavyo kila mwaka nilikuwa navifyeka navyo kila mwaka vinarudi. Baba mdogo alikuwa amekaa pembeni ananiangalia, akaniambia, "Mwanangu, hicho sio kichaka, hicho ni mgunga. Fukua hapo chini uone." Nikafukua. Nikakuta kisiki kipana kuliko sahani, cha zamani, kingo zake zimeviringana, na machipukizi kama ishirini yametoka ubavuni yanagombania mwanga. Yani mti ulikuwepo muda wote chini ya miguu yangu, mimi ndo niliyekuwa naukata kichwa kila mwaka halafu naenda kununua miche.

Baadaye nikaja kujua kumbe sio mimi tu. Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa anapanda miti kule Niger miaka ya 80 mwanzoni, naye miche ilimfia mpaka akataka kuacha, akaja kugundua vile vichaka vya jangwani ni miti iliyokatwa ambayo mizizi yake iko hai. Wakulima wa Niger wameshairudisha kwenye hekta kama milioni 5 kwa njia hiyo. Tanzania wanaiita kisiki hai, na mimi jina hilo nalipenda kuliko yote.

Unachofanya ni kidogo sana. Unachagua machipukizi matatu au manne yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unakata, na yale uliyoyaacha unayapunguzia vitawi vya chini mpaka kama nusu ya urefu wake. Basi. Unarudi baada ya miezi michache unapunguza tena. Mizizi ni ya mti mzima, ilishazama ardhini kabla hujafika, maji inayajua yalipo, kwa hiyo humwagilii na inakimbia ambavyo mche wa dukani hauwezi. Na kama lazima upande, toa kiriba, panda mvua zikianza, weka matandazo, zungushia miiba, rudi ukaangalie. Rudi tena. Nasisitiza kurudi kwa sababu hapo ndo tunapofeli wote.

Na tuambizane, kupanda tumekugeuza sherehe. Watu wanakata mti wa miaka themanini asubuhi, jioni wanapanda mche mmoja mbele ya kamera wanaona wamelipa deni. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wamezilinda kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, vizazi na vizazi bila bango wala tisheti, ni miiko tu, wazee wamesema humo hakukatwi mti na hakukatwi, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya hizo kwenye Urithi wa Dunia. Wewe kwenye eneo lako una mwiko gani? Mimi wangu ni mmoja, panga haligusi kitu mpaka nimeinama nimeangalia shina.

Ule mgunga wa kwanza sasa nasimama chini yake wima, na msimu huu minana wamening'iniza viota sita, nimehesabu mwenyewe.

Wewe wa meseji, kesho kaangalie hiyo minne kama plastiki zilitolewa. Na ukiwa hukohuko piga picha vile vichaka unavyovifyeka kila mwaka, nitumie.