Orodha ya korosho, kamera ya dukani na maswali mengine

*Chama chetu cha msingi kinachukua namba ya NIDA, ya simu na ya akaunti ya benki. Si hatari? (Mkulima, Newala)*

Chama lazima kikutambue, la sivyo pesa za korosho zako zitaingia kwa mwingine. Hapo sina ugomvi nao. Ugomvi unaanza orodha ikitoka ofisini. Msimu uliopita nilitumiwa WhatsApp picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani: majina matatu, kilo, shilingi, namba ya simu. Kidole gumba cha mpiga picha kinaonekana pembeni. Wala hakuwa na nia mbaya, alitaka wenzake wajue malipo yametoka. Lakini tapeli akiipata hahitaji kubahatisha. Anakupigia, anakutaja jina mpaka la babu, anakutajia kilo zako, kisha anadai malipo yamekwama, umsomee namba iliyoingia kwenye meseji. Nani asingemwamini?

Mwombeni katibu abandike namba ya uanachama na kilo tu. Mwenyewe atajijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, iko upande wenu: taarifa iliyochukuliwa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Wewe nawe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Meseji za matapeli zitume 15040.

*Nina duka la nguo Chikongola. Nimeibiwa mara mbili, nikafunga kamera. Fundi ameweka na moja kwenye chumba cha kujaribia. Sawa? (Mfanyabiashara, Mtwara)*

Ing'oe leo, kabla hujafungua duka. Mwizi wa gauni utamkamata kwa kuhesabu nguo zinazoingia mle na zinazotoka. Ya kaunta na ya mlangoni hazina neno, ila bandika tangazo kwamba kuna kamera. Halafu badilisha nywila iliyokuja na mashine, maana baadhi huja na 12345 au mfano wake, na kama kamera imeunganishwa intaneti, mtu wa mbali anaweza kuangalia wateja wako. Nywila mpya fundi asiijue.

*Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nipekue simu yake akilala? (Mama, Mikindani)*

Hapana, mama. Akikufuma mara moja tu, atafungua akaunti usiyoijua. Simu zilale sebuleni, yako ikiwemo.

*Kampuni za simu zikiwapa polisi ufunguo wa kusoma meseji zote ili wahalifu wakamatwe, ubaya uko wapi? (Mwanafunzi, Lindi)*

Hoja ya polisi si ya kubeza. Tatizo, ufunguo haumjui aliyeushika. Tangu 2016 meseji ya WhatsApp hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, kampuni yenyewe haisomi. Ukichonga ufunguo wa wote, siku ukiibwa tumeibiwa sote. Mwaka huohuo FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitaka Apple, kampuni inayotengeneza iPhone, itengeneze programu ya kufungulia simu ya mtu aliyeua watu mjini San Bernardino. Apple ikakataa, FBI ikalipa wataalamu wengine na simu ikafunguka. Mimi nimesimama hapo: mshukiwa mmoja, simu moja, amri moja ya mahakama.

Ila ndugu yangu, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp unayohifadhi mtandaoni haifungwi hivyo mpaka uwashe ulinzi huo mwenyewe kwenye mipangilio. Umeshawasha?