Kiungo cha webina kilichotumwa na mwenzako kwenye grupu
Ndugu, umeuliza kama utapata saa za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) ukiingia kwenye webina, yaani semina ya mtandaoni, kwa kiungo cha mhasibu mwenzako. Hapana, hazitaingia kwako, hata ukisikiliza mwanzo hadi mwisho. Webina ya Zoom inayodai usajili humpa kila aliyejisajili kiungo chake peke yake kwa barua pepe, na ripoti ya mahudhurio anayoipakua mwandaaji huonyesha jina, barua pepe, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kwa hiyo ukibofya kile alichokibandika mwenzako kwenye grupu la WhatsApp, anayeonekana kuhudhuria ni yeye. Nilijifunza hivyo nilipofuatilia mada ya kodi ya zuio kwenye kompyuta ya bosi, yeye akapata cheti na mimi nikabaki na daftari lililojaa maelezo. Tafuta tangazo lenyewe kwenye tovuti ya mwandaaji, iwe ni ICPAK (taasisi ya wahasibu ya Kenya) au NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu ya Tanzania), kisha ujisajili kwa barua pepe iliyo kwenye rekodi zako za uanachama. Webina isiyo na usajili haina shida hiyo, ila kwa kawaida nayo haikupi cheti.